Wimbo Niliomwibia Ndege

Ndege yule sikumwona hata mara moja. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu, na ninalikiri mapema nisionekane mjinga zaidi ya nilivyokuwa. Kila asubuhi aliimba ndani ya majani ya mti wa nsafu, ng'ambo ya ukuta wetu: sauti nne za kupanda, mbili za kushuka, kisha anarudia upesi upesi. Wiki ile Kisangani nzima ilikuwa imelewa uhuru. Mimi nililewa ndege.

Tonton, mdogo wa mama yangu, alikuwa na bendi. Mimi alinipa kopo lenye mbegu nilitikise, na mwaka mzima gitaa nililila kwa macho tu. Dansi ya uhuru ilipokaribia, akanihurumia.

"Bon, leta mwimbo moja, yako mwenyewe," akasema. "Batu bakicheza, utashika gitare. Basipocheza, alors, kopo yako iko."

Siku tatu nilikaa kando ya ukuta na gitaa la kuazima, nikimfuata ndege sauti kwa sauti. Siku ya tatu nikampata. Nilicheka peke yangu, nikaruka, nikamwaga uji wa watu. Tonton aliposikia akasema hajawahi kusikia kitu kipya namna ile. Basi mgema kasifiwa! Nilitembea barabara nzima nikisalimia hata mbuzi.

Siku ya dansi baa ilijaa pomoni. Kwenye meza za mbele walikaa wanajeshi, sare zimepigwa pasi, wanakula. Nikaanza: sauti nne juu, mbili chini. Wanajeshi wote wakasimama. Nikasema moyoni, hao wanakuja kucheza! Walichukua sahani zao, wakaenda kupanga mstari mlangoni pa jiko.

Kisha jirani yetu, mama aliyehamia ng'ambo ya ukuta mwezi ule, akapaza sauti huku ameshika mbavu:

"Mutoto, ile iko kasuku yangu! Nilipikia basoda ku kambi myaka kumi, alikuwa pale nami ku cuisine. Ile njo clairon, tarumbeta ya kuitia basoda supu!"

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini vidole viliendelea kupiga kwa woga, na kwa woga vikaongeza mwendo. Mpiga ngoma akanifuata. Sajini mmoja mwenye mvi akajitazama pale mstarini na sahani yake, akaangua kicheko mpaka machozi.

"Myaka yote hii bazungu banatupangisha mustari na hii kitu," akasema. "Leo tunaicheza!"

Akaweka sahani chini, akamshika mkono yule mama, na mstari mzima ukawafuata uwanjani.

Waliutaka wimbo urudiwe mara sita. Katikati ya mara ya sita Tonton aliniinamia sikioni. "Kesho saa tatu, répétition, mazoezi ya bendi. Gitare iko yako."

Nilisema ndiyo kabla hajamaliza. Nililia pale pale mbele ya baa nzima, nikipiga, na sikuona haya hata kidogo.