Karatasi Ilisema Hakuna Wadudu

Saa nne asubuhi, jua linachoma nje, mimi na binti yangu tulijifungia ndani ya ghala la mbao. Tukazima taa zote, tukawasha kitaa kidogo cha mwanga wa zambarau, cha kukagulia noti bandia.

Ukuta ukaanza kuwaka.

Kijani. Doa hapa, doa pale. Mengine yanatembea.

Binti akanishika mkono. "Baba, hivyo ni vitu gani?"

"Nge," nikamwambia.

Mimi ni mpakuzi wa mbao. Shule niliishia darasa la nne, tena kwa kusukumwa, kwa hiyo mkikuta makosa mnivumilie. Mke wangu alikuwa anafagia maranda kwenye ghala hilohilo. Miaka mitatu iliyopita aliinua ubao, akachomwa kidoleni. Kesho yake hatukuwa naye.

Tangu hapo nina kinyongo na meneja. Tunamwita Mzee Tai, maana hata kwenye vumbi la mbao yeye kafunga tai.

Sasa wiki iliyopita huyohuyo Mzee Tai akampa binti yangu kazi. Fagio la mama yake. Aanze Jumatatu.

Nikapanda ofisini, hodi sikubisha.

"Mtoto wangu haingii mle."

"Mzee mwenzangu, kaa kwanza."

"Sikai. Mmenimalizia mama, mnataka na mtoto?"

Akavuta droo, akanisogezea karatasi yenye mhuri. "Kusoma unajua?"

"Kidogo."

"Basi soma kidogo."

Iliandikwa: *Ghala limekaguliwa. Hakuna wadudu.*

Nikatoka nimefura kama andazi. Uani nikamkuta mpuliza dawa, yuleyule aliyekagua, anaosha pampu yake. Nikamwita mwongo mchana kweupe.

Akacheka. "Mzee wangu, karatasi haina uongo. Nge si mdudu."

"Ni nini, ndege?"

"Hesabu miguu. Mdudu ana sita, nge ana minane. Ndugu zake ni buibui, kupe, utitiri. Wenye vitabu wanawaita araknida. Hawana mabawa, hawana zile pembe za kupapasia kama za mende."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo niliulizwa wadudu, nikajibu wadudu. Mende nimewamaliza. Nge anajibana kwenye ufa, dawa yangu haimfikii. Na ana subira huyo, anaweza kukaa miezi bila kula. Akikamata windo analiyeyusha kwanza, halafu analifyonza kama uji."

Akaacha kuosha, akashusha sauti.

"Ila sasa mende hawapo. Wenye njaa watatoka kutafuta. Ukitaka kuwaona, ziba mwanga, wamulike kwa taa ya kukagulia noti. Wanawaka wenyewe."

Nikaazima kitaa kwa mwenye duka la jirani, nikamchukua binti akaone kwa macho yake. Ndivyo tulivyofika pale ukutani.

Nikampigia kelele Mzee Tai aje. Akaingia akipapasa giza. Mbele yetu jike mmoja akapita taratibu, watoto wamerundikana mgongoni kama abiria.

"Haya," nikamwambia, "soma na hiyo."

Akalegeza tai.

"Ghala nafunga leo," akasema. "Nimekosa. Lakini mwenzangu, mimi na wewe tulikosa pamoja."

"Pamoja vipi?" binti akadakia.

"Muulize baba yako alimwambia nini nesi."

Siku ile mama yake alipochomwa, nilimwona yule nge. Nilimponda mwenyewe kwa kiatu. Tukiwa kwenye gari kwenda zahanati, Mzee Tai akiendesha, akaniambia, "Ukitaja nge, ghala linafungwa na kibarua chako kinaota nyasi. Sema mdudu."

Nesi akauliza, "Mdudu gani?"

Nikasema, "Sikumwona vizuri. Mdudu tu."

Akaandika mdudu. Akampa vidonge vya maumivu, akaturudisha nyumbani. Kama ningetaja nge, wangemlaza.

Mke wangu alinitazama tu. Ulimi wake ulikuwa umeshaanza kuwa mzito, hakuweza kunisahihisha.

Miaka mitatu nimemtukana Mzee Tai kila kona, ili nisiisikie sauti yangu mwenyewe.

"Ulimwona, baba?" binti akauliza.

"Nilimwona."

Hakulia. Alipanda ofisini, akarudi na ile karatasi ya ukaguzi na kalamu.

"Hapa chini andika kilichomuua mama. Kwa mkono wako. Naipeleka mwenyewe kwa wakaguzi wa kazi."

Nikaandika. Herufi tatu tu, lakini lori zima la mbao nimewahi kulipakua kwa jasho dogo kuliko lile.

Jumatatu ghala limefungwa, na binti hakukaa nyumbani. Alihamia kwa shangazi yake. Nikimsalimia anaitikia, basi, imeisha.

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilijikwaa ulimi nikiwa na akili zangu timamu.

Wakubwa wana dhambi yao, na sijawasamehe. Lakini wewe unayesoma, ukimfikisha mgonjwa mbele ya nesi, kitaje kilichomuuma kwa jina lake. Mkubwa aliyekuziba mdomo hatakusaidia kulala peke yako kwenye kitanda cha watu wawili.