Matusi ya Milka Anyango

Mwaka wa 1973, barabara yote ya kutoka Kisumu hadi Awasi haikuwa na mama mwenye ulimi mchafu kumshinda Milka Anyango, muuza samaki wa Dunga. Waliomjua walimsikitikia mwanawe wa pekee, Walter Obiero, aliyeendesha pikapu ya mama huyo na kutukanwa njia nzima. Hata mchungaji, siku alipopewa lifti, alisikia mwenyewe.

"Walter! Shingo kama ya kuku mgonjwa! Angalia mbele, bure wewe!"

Mchungaji aliposhuka Awasi alisahau kushukuru.

Milka hakuanza hivyo. Walter alipopata leseni, mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kumsifu. Watu wa ziwani wana desturi yao ya pakruok: mtu anakuita kwa majina ya sifa, nawe sharti ujibu kwa kujisifu, mkono juu, wote wakuone. Ni desturi tamu sana kwa mtu aliyekaa kwenye kiti. Hakuna aliyejisumbua kufikiri kama inamfaa pia kijana anayekimbiza pikapu iliyojaa samaki aina ya ngege na akina mama.

Basi Milka, akiwa nyuma na wenzake, alikuwa akipiga paa la gari na kupaza sauti: "Walter, mwana wa Anyango! Anayefika kabla hajaondoka!"

Na Walter, kijana mwenye adabu, hakuweza kumnyima mama yake jibu. Alitoa kichwa dirishani, akainua mkono, akajisifu mpaka pumzi ikamwishia. Muda huo wote pikapu ilijiendesha yenyewe, na kusema kweli ilijitahidi. Iliwakwepa ng'ombe. Mwenye baiskeli mmoja aliingia mtaroni kwa hiari yake mwenyewe. Akina mama walicheka, na Milka alicheka kuliko wote.

Kisha akafa Ochieng, rafiki wa Walter, mtoto wa jirani yao Dorca. Naye alikuwa dereva, wa lori, naye alisifiwa sana. Waliotoka kwenye lile lori wakiwa wamevunjika mikono na miguu walieleza kwamba sifa za siku hiyo zilikuwa nzuri mno, hata Ochieng akajibu kwa mikono yote miwili. Hapo mbele palikuwa na kona.

Mazishini sifa zilimiminwa tangu asubuhi. Watu hawakuwa na haya. Milka alisimama na yeye, maana ulimi wake ulijulikana, akasogea karibu na jeneza. Akaiona mikono ya Ochieng imelazwa kifuani, imetulia, haimjibu mtu. Neno likamkwama. Lilikuwa lile lile alilomrushia Walter siku iliyotangulia. Aliogopa kwa woga ambao hakuwahi kuujua, akarudi kuketi.

Alimsihi Walter asijibu tena akiwa njiani.

"Aa, Mama! Mtu anakuita na sifa yako, unanyamaza tu kama gogo? Watu watasema nini?"

Aliwakataza akina mama wasimsifu. Wakaitikia vizuri sana, na kabla ya kufika Ahero walikuwa wamempa majina mapya. Ndipo Milka alipopiga paa na kutoa tusi lake la kwanza. Walter alishtuka. Akakunja uso, akashika usukani kwa mikono miwili kama mtu anayenyang'anywa, macho mbele, kimya. Pikapu ikanyooka barabarani kama haijawahi kunyooka.

Tangu siku hiyo Milka hakurudi nyuma. Aliyeanza kusifu alizimwa kwa tusi. Baadaye wenzake walimsaidia, tena kwa furaha iliyozidi kidogo mahitaji ya usalama. Watu wakasema mama huyu anamchukia mwanawe. Maneno hayo yalimuuma, na usiku alilia, lakini asubuhi alitukana.

Siku moja ya mvua, karibu na Awasi, lori liliwajia katikati ya barabara. Dereva wake, kijana, alikuwa ametoa kichwa nje akiwajibu wenzake waliokuwa nyuma. Walter, mikono miwili kwenye usukani, alilipeleka gari majanini. Lori likapita. Makarai yalipinduka, samaki wakatapakaa, akina mama wakapiga mayowe. Hakuna aliyeumia.

Walter alipofika sokoni alisimamisha gari. Injini bado ilinguruma.

"Mama," akasema bila kugeuka, "leo hata moja tu? Nisifu kidogo."

Milka alikuwa na sifa za miezi na miezi zilizomjaa kooni.

"Zima gari kwanza, nyathina, mwanangu."

Mwanawe akazima.

"Leta funguo."

Akamletea. Milka akazifunga kwenye pindo la leso yake, fundo gumu, akamsimamisha Walter matopeni katikati ya soko. Akamsifu mpaka wauza mboga wakaacha meza zao, akamsifu huku machozi yakimtoka, na samaki wakaanza kunuka. Walter alisikiliza mpaka mwisho. Ndipo akainua mikono yote miwili.