Vidonge na Mbalamwezi

Kilichonichoma si kuugua kwa mdogo wangu. Ni mdomo wa tajiri wake, mwenye mtumbwi, aliyekuja kusimama kwenye chanja zangu za kuanikia dagaa pale Katonga na kusema mbele za watu, "Dada, bora alivyokuwa anatafuna. Hivyo vidonge vyenu vimemfanya zezeta."

Zezeta! Na ni yeye huyo huyo aliyekuwa akiwagawia vijana wake mirungi kabla ya kusukuma mtumbwi, ili wakeshe na taa ziwani bila kusinzia. Mdogo wangu alitafuna miaka minne. Mwishowe hata mchana halali, anasikia watu wanamteta, mpaka siku moja akamshikia mama panga akidhani ametiliwa sumu kwenye ugali. Siku hiyo tajiri hakuonekana. Nilimpeleka hospitali mimi.

Daktari alinieleza kwa Kiswahili chepesi, Mungu ambariki. Mirungi inaulazimisha ubongo kumwaga dopamini, kemikali inayompa mtu raha na ari. Ikizidi, mtu anasikia yasiyokuwapo. Vidonge vinaizuia, ndiyo maana mwanzoni mgonjwa anakuwa mzito, anasahau, hata kucheka anachelewa. "Ni karabai iliyojazwa pampu kupita kiasi," alisema. "Tunapunguza presha taratibu." Akaonya dawa isikatwe mpaka yeye mwenyewe aseme.

Basi tukaishi na huo uzito. Mtu aliyekuwa akishona nyavu huku anapiga soga, sasa anashika sindano, anatazama tundu, hakumbuki amefikia jicho lipi. Wenzake wanacheka. Sisi tunavua wakati wa giza. Mbalamwezi ikitoka dagaa hawafuati taa, mitumbwi inapumzika na watu wanashona nyavu. Tajiri akamwambia asipozimaliza kabla ya giza linalofuata, nafasi yake anapewa mwingine.

Hakuzimaliza. Na kila baada ya mbalamwezi yale maneno ya masikioni yalimrudia. Niliwaka! Nilimfuata tajiri hadi kwake nikamwambia anampa mirungi kwa siri. Aliapa kwa Mungu, sikumwamini. Nikawagombeza wenzake, nikamsema hata daktari. Kisha nikaenda Ujiji alikopanga chumba, nikafungua kopo la dawa. Vidonge vya mwezi huo vilipaswa kuwa vimekwisha. Vilibaki vya siku nane.

"Mbona humezi?"

"Nameza, dada. Mbalamwezi tu ndiyo simezi. Si tunapumzika?"

"Nani alikwambia dawa inapumzika?"

Alifikiri kwa muda mrefu, kama anavyofikiri siku hizi. "Wewe. Ulisema hii ni dawa ya kazi, nimeze nirudi kazini."

Ni kweli, nilisema. Siku tuliyotoka hospitali mawingu yalikuwa yametanda, nami nilikuwa na haraka ya kuwahi dagaa wangu wasinyeshewe. Yale maelezo yote ya daktari niliyafupisha hivyo, nikaondoka. Na kwetu kila cha kazi hupumzika mbalamwezi: mtumbwi, taa, hata chanja zangu. Angejuaje kwamba kidonge hakimo katika hivyo? Miezi mitatu nimewapaka watu matope, kumbe nyani haoni kundule.

Nafasi yake mtumbwini ilishachukuliwa. Tajiri sijamsamehe, kwa maana mirungi ilitoka mkononi mwake. Mimi mwenyewe pia sijajisamehe. Sasa mbalamwezi ikifika ninakwenda Ujiji kila asubuhi, nasimama mlangoni mpaka ameze.

Juzi nilimkuta ameketi kizingitini na kipande cha wavu chakavu. Anashona, anafumua, anashona tena. Akameza kidonge chake, akanitazama.

"Dada, akili yangu itarudi?"

Mimi, ambaye Katonga nzima hakuna aliyewahi kunishinda kwa maneno, niliketi nikamshikia ncha ya wavu.