Sabuni ya Mama Ilikataa Kushika, Sasa Wanataka Tuombe Pardon

Admin, ficha jina langu na la masomo yangu, ile shule, lakini maneno yaache vile nimeyaandika, usiyapunguze ukali.

Niko binti wa miaka kumi na minane, wa hapa Goma, Majengo. Niko sixième chimie-biologie, darasa la mwisho la sekondari, na mwaka huu ndio wa Exetat, mutihani wa kupata diplome. Papa alishafariki. Mama anapikaga sabuni ya mawese nyuma ya nyumba, na hiyo sabuni ndiyo imenilea.

Ku masomo yetu hakuna labo, chumba cha majaribio. Chimie, ile kemia, yote tunaifanyia ndani ya kaye, ndani ya daftari tu. Prof anadikte, sisi tunaandika. Na yeye anadikte kutoka kaye yake ya zamani, ile aliyoijaza akiwa mwanafunzi, karatasi zimeshakuwa rangi ya chai. Hakuna anayeuliza. Ukirudisha neno kama lilivyo, unapata pointi.

Mwezi uliopita alituandikisha équation, mlinganyo wa namna mafuta na soda kali vinavyotoa sabuni. Nilifurahi sana, kwa mara ya kwanza chimie ilizungumzia kwetu. Nikafanya hesabu ya bidon ya mama, lita tano za mawese. Mama anatiaga soda vikombe vitatu. Hesabu ya kaye ikaleta kimoja.

Nikamwambia, "Mama, miaka yote hii unapoteza soda."

Akakiangalia kile kikombe kimoja nilichopima. "Mutoto yangu, hii ni kidogo. Mafuta haitashika."

"Mama, hii ni chimie."

Hilo jibu bado linanitia haya. Alikoroga mpaka mukono ukamuuma. Siku tatu zikapita, bidon nzima ikabaki uji wa mafuta. Mama hakunigombeza, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi.

Basi nikarudi ku kaye na hasira zangu. Nikahesabu sodium za ile équation moja moja. Upande wa sabuni ziko tatu, upande wa soda iko moja. Hizo mbili zingine zilitoka wapi, zilipanda gari kutoka kule kijijini Kalengera? Mutu alisahau kuandika 3 mbele ya soda, pengine kabla sijazaliwa, na tangu hapo watoto wanakopi kosa na kupewa pointi juu yake.

Nikaenda darasani na ule uji ndani ya sahani, pamoja na kipande cha sabuni ngumu ya mama. Nikangoja muda wa maswali, nikaeleza kwa heshima. Darasa likacheka. Mimi sikuwaomba wacheke.

Prof akasema, "Unaniletea jikoni ya mama yako kunifundisha?"

Nikamujibu, "Ndiyo, prof. Jikoni ya mama ndiyo labo tuko nayo."

Hapo nikafukuzwa. Prefe, mukubwa wa masomo, anataka barua ya pardon yenye sahihi ya mama: kwamba nilikosa heshima, na kwamba kaye ya prof haina kosa. Bila hiyo barua siingii darasani, na orodha ya Exetat inafungwa Ijumaa. Walinipa hata mufano wa kukopi.

Mama hajui Kifaransa. Nikamusomea ule mufano kwa Kiswahili, neno kwa neno. Akasema, "Lete bic nisaini. Sabuni itashika tu, hata nikisaini." Nikaificha ile kalamu ya bic.

Majirani wanasema niko na kiburi. Sawa, waseme. Kuomba pardon kwa kumuaibisha mutu mukubwa mbele ya watoto, hiyo naweza, hata leo, hata kwa magoti. Lakini kuandika kwamba soda ni moja, hapana. Wenzangu arobaini wataiandika hiyo moja ku Exetat. Na mama yangu aweke sahihi yake chini ya karatasi inayosema hajui kazi yake? Mimi nikiwa hai, hapana.

Nimeandika barua nyingine. Mistari miwili inaomba pardon. Mustari wa tatu ni ile équation, na 3 yake iko mahali pake.

Leo ni Jumatano. Mama angali anatafuta bic. Nyinyi wenye watoto, na nyinyi mulioshapita Exetat, niambieni: nimupe asaini barua gani?