Ripoti ya Mgonjwa Mmoja

Niliondoka Shard End, mtaa wa pembezoni mwa mji huu wa Waingereza, asubuhi moja ya manyunyu, bila kujua naelekea wapi, nikapanda basi la kwanza lililosimama. Nimehama nyumba nyingi kwa kuchoka tu na dirisha lilelile. Hii ndiyo ya kwanza niliyoihama nikiwa bado naipenda.

Humo tuliishi wanaume wanne, wa Unguja na wa Tanga, na jioni tulicheza dhumna. Hapo ndipo nilipokuwa naanguka. Si kazini, si barabarani. Mezani tu, zamu yangu ikifika, nikifikiria kete gani nitoe. Nikizinduka niko sakafuni. Niliwaambia wenzangu ni sukari, nao wakaninywesha soda.

"Huyu akiona anafungwa, anajilaza!" walinitania.

Hospitalini nilikutana na daktari kijana, binti wa Kizanzibari.

"Kaka, hicho ni kifafa," alisema taratibu, "tena cha aina adimu. Kinaamshwa na kufikiri."

Akaomba aniandike katika jarida la kisayansi. Shule niliiacha darasa la sita, lakini nikisikia jambo nisilolijua situlii. Nikamuuliza jarida hilo linapokea makala gani.

"Utafiti kamili, huo unataka wagonjwa wengi. Makala ya mapitio. Mtu anasoma walichoandika wenzake wote, anakwambia wamekubaliana wapi na wamegombana wapi. Taarifa fupi, kwa jambo lisiloweza kungoja. Na barua kwa mhariri, za wanaobishia yaliyokwisha kuchapwa."

"Na mimi?"

"Wewe ni ripoti ya mgonjwa mmoja. Wakubwa wanaidharau kidogo, maana mtu mmoja hathibitishi kitu. Lakini daktari wa mbali akimpata wa pili, atamwambia hayuko peke yake."

Huyo wa pili alinikaa moyoni. Nikakubali. Kabla hajaipeleka alinisomea: jina hakuna, umri umefichwa, nchi imefichwa. Dhumna aliiacha, kwa kuwa bila dhumna hakuna cha kuripoti. Tuliona tumejificha vya kutosha. Hatukukumbuka kwamba Waswahili wa mji huu wote walishasikia habari za mtu anayeanguka mchezoni.

Mpwa wa mwenzetu mmoja anasomea uuguzi. Aliisoma, akamwuliza mjomba wake kama ni mimi.

Ijumaa baada ya swala, sinia la pilau liliwekwa katikati kama siku zote. Nilipokunja mkono wa shati, mkubwa wetu, ambaye nyumba ilikuwa yake, akanisogezea sahani.

"Wewe kula hapa, bwana. Ujinafasi."

"Hakiambukizi."

"Nani kasema kinaambukiza? Kula, kinapoa."

Wale wengine waliinamia wali. Utotoni sote tuliambiwa mate ya mwenye kifafa yanaambukiza. Mimi mwenyewe niliamini hivyo mpaka daktari aliponicheka. Nilikula pilau ile peke yangu, sahani juu ya magoti, karibu nao kiasi cha kusikia wanavyotafuna. Jioni hakuna aliyetoa dhumna. Nao hawakunifukuza. Wangenifukuza ningegombana nao, roho ikatua.

Basi lile la kwanza lilinishusha katikati ya mji. Nikatembea kwenye manyunyu hadi mtaa wa Aston, nikaona tangazo la chumba dirishani. Aliyefungua ni mama mmoja wa Kihindi, mzaliwa wa Kisumu. Aliposikia natoka Tanga akaacha Kiingereza.

"Unavuta sigara?"

"Sivuti."

"Pombe?"

"Sinywi. Lakini nina kifafa, mama."

Nilisema nikiwa bado nje, asije akapata tabu ya kunitoa baadaye. Alinitazama, kisha akageuka kutazama ngazi nyuma yake.

"Basi kile cha juu hapana. Hizi ngazi zitakuua."

Akanifungulia chumba cha nyuma, kilichokuwa stoo. Ukuta una unyevu, dirisha linatazama mapipa ya taka.

"Jikoni kila mtu na sufuria yake," akasema. "Hapa hakuna kula pamoja."

Nikamwambia hiyo itanifaa, nikapokea ufunguo.