Meza ya Majani Haiingii Kanisani

Nakumbuka siku moja ya mvua, mwanangu, na nikiikumbuka bado nashusha pumzi kama mtu aliyeponea chupuchupu. Juzi umechaguliwa katekista wa kigango chetu, watu wakakupigia makofi. Ndiyo maana nimekuita ukae hapa unywe chai. Hata mimi walinipigia makofi.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na sita. Jumapili nilikuwa katekista, ufunguo wa kanisa mfukoni; siku nyingine karani wa kituo cha kununua chai, huku upande wa Roret. Kazi ya karani unaijua. Mama anamwaga kikapu mezani, wewe unapekua, jani lililokomaa unalitupa pembeni. Majani mawili na chipukizi, basi. Nilikuwa mkali, na niseme ukweli, nilipenda kuogopwa.

Siku hiyo akaja binti mmoja, Chelangat, kikapu kitupu mgongoni, maji yakimtiririka. Hakuwa ameleta majani. Baba yake, Mzee Arap Koech, alikuwa hoi kitandani na alitaka sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa. Siku hizo kwetu Padre hakuja kwa mgonjwa bila barua ya katekista. Nikamwambia siandiki, kwa sababu mzee hajaonekana kwenye sala za jumuiya miaka mitatu, na sheria ni sheria. Aliweka kikapu chini akaondoka.

Sasa nikuambie kitu nilichoficha miaka mingi. Haikuwa sheria. Mzee huyo aliwahi kucheka kwa sauti nilipokosea kusoma somo mbele ya kanisa zima, na kile kicheko kilikuwa bado kimenikaa rohoni. Kinyongo changu nikakiita sheria ya Kanisa. Wazee walisema hasira hasara, lakini nani alikuwa anasikia?

Kumbe Chelangat alitembea kwa miguu mpaka parokiani. Saa tisa hivi Padre akafika kituoni kwa pikipiki, mzee wa mvi, gambuti zimejaa tope. Nilidhani atanigombeza mbele ya akina mama, na ningestahili. Yeye akanivuta kando, akaongea polepole.

"Katekista, hii meza ya majani umeibeba mpaka kanisani? Tulikupa ufunguo ili ufungue. Kufunga mlango hata upepo unaweza."

Nilitamani ardhi inimeze. Akaniambia nipande pikipiki, nimshikie mafuta matakatifu. Njia nzima niliomba jambo moja tu, mzee asife kabla hatujafika. Ningeishi vipi na hilo?

Tukamkuta anapumua. Machozi yalinitoka kabla hata sijavuka mlango. Nikapiga magoti kando ya kitanda nikamwomba msamaha, nikamwambia yote, hata ile habari ya kicheko. Akanishika mkono. Padre alipofungua kitabu, mzee akasema kwa sauti ndogo, "Mpe kijana asome. Lakini safari hii asome polepole."

Tulicheka, Padre naye akacheka mpaka akafuta macho. Na mzee hakufa, mwanangu. Aliinuka, akala mahindi ya msimu uliofuata, na kila Jumapili alikaa benchi la mbele akinitolea macho nikisoma.

Kwa hiyo sikia. Cheo ni dhamana. Ukiona ulimi wako unakimbilia kusema sheria, jiulize kwanza huyo mtu alikuudhi lini. Ukikosea, usitume mtu akuombee msamaha; nenda mwenyewe, magoti yako yaguse sakafu ya nyumba yake. Na anayekuja kanisani amechelewa, mfungulie kwanza, maswali baadaye.

Mungu akupe mkono mwepesi kwenye kufuli, na sikio linalosikia hodi ya mnyonge hata mvua ikinyesha juu ya mabati. Na akuweke mpaka wale uliowafungulia mlango wakae benchi la mbele wakikucheka.