Fremu ya Padri na Mchi wa Mama

Mwaka 1974, nikiwa na miaka kumi na mmoja, nyumba yetu iliacha kunuka ndizi mbivu na grisi. Harufu hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya baba. Alichukua ndizi za watu wa milimani na mboga za mama, akazifunga nyuma ya baiskeli yake kubwa ya Kiingereza, akazishusha mpaka sokoni Mwembesongo. Siku moja, kwenye mteremko wa Bigwa, breki zilikatika. Baba akafa. Ndizi ziliuzwa siku hiyohiyo maana zilikuwa zimeshaiva, na baiskeli ikarudishwa nyumbani mabegani mwa watu, fremu imekatika shingoni. Sisemi haya ili nionewe huruma. Nasema ili ijulikane nilianzia wapi, maana vijana wanaoiona karakana yangu leo hudhani nilizaliwa nimeshika spana.

Kwetu Uluguruni mtoto ni wa mjomba. Baba anaweza kuwa mtu mwema sana, lakini likija jambo kubwa anayeitwa ni kaka wa mama. Mjomba wangu alikuwa fundi baiskeli Mwembesongo, mtu mfupi, mdomo mkali, kucha zake nyeusi hata siku ya Pasaka. Matanga yalipokwisha alikaa kwenye kigoda akatupanga. Wadogo zangu wangebaki na mama. Mimi ningeacha shule, nami nilikuwa darasa la tatu tu, niende Gairo kuchunga ng'ombe wa rafiki yake. Mama alikuwa anamenya njegere. Hakuinua uso. Akauliza, "Na mboga zangu atazishusha nani?"

"Dada, tuongee habari za mtoto kwanza, mboga baadaye."

Nikasema, "Nitazishusha mimi."

Mjomba alicheka mpaka akakohoa. "Kwa baiskeli ipi, mpwa wangu? Hiyo iliyomla baba yako?"

Misheni kulikuwa na fremu iliyoachwa na padri mmoja Mfaransa alipozeeka akarudi kwao. Ilikuwa ya mashindano, nyembamba, nyepesi, rangi yake ya buluu imechubuka, imening'inia kwenye chumba cha useremala bila magurudumu. Kesho yake mama alipeleka kikapu cha njegere, akarudi na fremu kichwani. Mjomba aliigonga kwa kidole, ikalia kama kengele. Akasema, "Sawa. Ikifika kwenye banda langu na mzigo juu yake kabla ya masika, unabaki kwa mama yako. Isipofika, basi la Gairo linajua njia." Nilimjua. Akishasema, amesema.

Jumapili alipanda mlimani na mfuko wa spana na vijana wake wawili. Magurudumu ya baba yalikuwa makubwa, yalisugua fremu, kwa hiyo tukaweka ya baiskeli ya kike ya Kichina. Usukani wa padri ulikuwa umepinda chini kama pembe za kondoo, nao tukauacha, tukafunga wa baba. Breki niliomba mwenyewe iwe ile ya kurudisha pedali nyuma, kwa sababu za kuvuta kwa mkono sikutaka kuziona tena. Mjomba alikuwa nayo moja, ya Kijerumani, ya zamani kuliko yeye. Mpaka hapo kazi ilikwenda. Ikabaki pale chini, pedali zinapozungukia. Pale kuna vikombe viwili vya chuma vinavyoshika gololi, kimoja kila upande, na vile vya padri vilikuwa vimeliwa na kutu. Ilibidi vitoke. Cha upande usio na cheni kilitoka bila ubishi.

Mafundi wetu wote walijifunzia kwenye baiskeli za Kiingereza. Kwenye baiskeli hizo kikombe cha upande wa cheni hufunguliwa kwa kuzungusha kulia, kinyume na nati nyingine zote za duniani. Mjomba alikuwa anajivunia sana kulijua hilo. Akazungusha kulia. Kikakataa. Akamwaga mafuta ya taa, akazungusha kulia. Akachomeka bomba refu kwenye spana, vijana wake wakaning'inia, kulia tena. "Kazeni, wanaume!" anapiga kelele. "Mnaogopa kutu ya padri?" Kikombe kilipasuka kwa mlio nilioudhania wa mfupa. Mjomba akafuta mikono, akamtazama mama. "Dada, mfungie mtoto nguo zake."

Wakaenda kunawa. Mimi nikachukua tindo na nyundo nikagonga kuelekea kushoto. Sikuwa na elimu yoyote ya jambo hilo. Kikombe kikasogea, kikazunguka, kikatoka chote mkononi mwangu.

"Nani kakwambia uzungushe huko?" Mjomba aliuliza, mikono inachuruzika maji.

"Hakuna mtu. Huko kwingine mmeshamaliza."

Vijana wake walicheka, naye akawatukana, kisha akacheka na yeye. Lakini kicheko hakikuleta kikombe kipya. Tulijaribu cha Kiingereza. Kiliingia kidogo kama mtu anayepiga hodi, halafu kikalala upande, kwani hesi, ile mifereji ya kuzungushia kama ya skrubu, ya Wafaransa si ya Waingereza. Cha Kifaransa hakikuwapo Morogoro nzima. Mjomba akashuka zake, na mawingu yalikuwa yameshaanza kukaa juu ya milima.

Sisi watoto wa mlimani tulikuwa na vigari vya mbao vya kuteremkia. Havikuwa na gololi. Ekseli ilizunguka ndani ya tundu la mti mgumu uliopakwa mafuta ya nyonyo, basi. Nikamweleza mama: nikipata kipande cha mti usiochakaa haraka, nikakigongomea ndani ya fremu, nikatoboa tundu, ekseli itazunguka. Mama alikwenda jikoni akarudi na mchi wake. Ulikuwa wa mpingo, umetoka Kisaki, ameachiwa na bibi, na alikuwa hamwazimishi mtu. "Kata," akasema. "Kata upande huu, mwingine nitatwangia." Nilikata. Nilitoboa kwa chuma cha moto, mikono ikaungua, nikakichemsha kipande kile kwenye mafuta ya nyonyo, nikakipigilia, nikapitisha ekseli, nikafunga pedali na cheni.

Bigwa niliteremka kwa miguu, nimeishikilia baiskeli kama ng'ombe mkorofi, kabichi na njegere nyuma. Kwenye tambarare nikapanda. Manyunyu ya kwanza yalinikuta naingia Mwembesongo. Mjomba alinisikia kabla hajaniona.

"Inalia kama mbuzi," akasema.

"Inalia, lakini imefika."

Akazunguka baiskeli nzima, akainama pale chini, akanusa mpingo. Kisha akamwita kijana wake, "Mpe chai huyu. Basi la Gairo limeshaondoka."

Juzi wamekuja vijana wawili kutoka Dar na fremu ya mashindano ya mtumba, wanataka kuivalisha gia mpya. "Shikamoo mzee. Gurudumu la nyuma linagoma kuingia." Lazima ligome. Fremu za zamani ni nyembamba nyuma, magurudumu ya leo ni mapana. Niliipanua taratibu kwa boliti ndefu na nati mbili. Tulipofika kwenye vikombe mmoja akatazama simu: "Mzee, video inasema zungusha kulia." Nikamuuliza, "Hiyo video imeiona fremu hii?" Nikajaribu huku, nikajaribu kule, kwa spana tupu bila bomba, mpaka kikombe kikatii. Bomba huja mwisho.

Sisemi zamani ilikuwa bora. Leo kikombe cha Kifaransa huagizwa kwa simu kikaja. Mpingo ulichakaa kila masika, na kila masika mama alikata kipande kingine, miaka yote mpaka nilipopata vikombe halisi.

Leo nina nyumba ya tofali za kuchoma Mwembesongo. Nina karakana yenye mafundi wangu. Nina shamba la mama kule mlimani, analilima mdogo wangu wa kike. Nina baiskeli ya buluu, inatembea. Nina mchi wa mpingo, mfupi kuliko spana, hauwezi kutwanga kitu. Huo siuzi.